Kalkuleta Isiyoingia Mtihanini

Kambi ya barabara, Lokichar, Turkana
9 Februari 2025

Mpendwa Nyanchoka,

Nakusalimu kwa joto la huku, ambalo mkigawiwa kidogo tu hapo Nyamira mtavua masweta ya shule siku hiyo hiyo. Mimi ni mzima ila mgongo. Mke wangu Bonareri alinipigia kutoka Nyakoe, watoto hawajambo na ndizi zimeanza kukatwa. Nimezungumza pia na mama yako, lakini unamjua dada yangu Emily. Simu yake huweka sauti kubwa juu ya meza, nyumba nzima inasikia, na baba yako anajibu kabla yake. Ndiyo maana mambo yangu na wewe nayaandika. Shuleni simu hamruhusiwi, nami sina ugomvi na karatasi.

Sasa nikupe habari yenyewe. Kazi yetu huku ni kumwaga lami. Mbele yetu hutangulia wapimaji, na mmoja wao ni msichana anaitwa Istarlin, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Mwezi uliopita nilimkuta ameshika kidude chenye kioo kama cha simu na vitufe vingi kama mahindi kwenye gunzi. Nikasimama kumtazama.

"Mzee Ochoki, umepoteza nini hapa?"

"Mzee ni baba yako. Mimi ni kijana aliyechoka. Hicho ni nini?"

Akacheka, akanigeuzia kioo. Nikaona mstari umepinda vizuri kama mpini wa kikapu. Akaniambia hiyo ndiyo kona tutakayomwagia lami wiki ijayo. Nyanchoka, nilitazama mbele nikaona mchanga na miti ya miiba tu. Nikatazama kwenye kioo, nikaona barabara. Ni kalkuleta. Unaiandikia hesabu, inakuchorea grafu.

Wewe uliniambia Krismasi kwamba hesabu ndiyo somo lako na kwamba huna kalkuleta, unaomba ya rafiki yako Hodan. Nikamwambia Istarlin, ukienda Nairobi niletee kama hiyo hiyo. Akasema, "Uliza kwanza shuleni wanaruhusu ya aina gani." Nikamjibu kwamba siombi ruhusa ya mtu kumpa mtoto wa dada yangu zawadi.

Imekwisha kununuliwa. Nimeituma kwa basi hadi Kisii, kwenye duka la Sadiq, kaka yake Hodan, kwa kuwa yeye hupokea vifurushi. Jina lako liko juu, kwa herufi kubwa. Ichukue mkifunga nusu muhula. Na mtu akikuuliza umetoa wapi, mwambie imetoka mahali barabara inapotengenezwa.

Mjomba wako,
Ochoki


Shuleni, Nyamira
3 Machi 2025

Kwa mjomba Ochoki,

Pole na jua na pole na mgongo. Huku mvua imeanza mapema. Nilikuwa nyumbani Magwagwa nusu muhula, mama ni mzima, anachuma chai na kulalamika kuhusu magoti. Baba amejenga choo kipya na anakionyesha kila mgeni. Nyanya alikuombea kanisani Sabato nzima, hata mzee wa kanisa akamwomba akae chini ili wengine nao waombe.

Hapa shuleni tumepata mwalimu mpya wa kemia. Mabweni yamepakwa rangi. Timu yetu ya voliboli ilishindwa na shule ya jirani, lakini kwa heshima. Chakula ni kile kile.

Kifurushi nilikipata. Asante sana mjomba.

Nasoma kwa bidii.

Mtoto wa dada yako,
Nyanchoka


Lokichar
23 Machi 2025

Nyanchoka,

Salamu, na uwasalimu wenzako. Hapa kijana mmoja alizimia kwa jua, tukamweka chini ya lori na kumwagia maji, sasa yuko sawa. Bonareri anasema mtoto wetu wa mwisho ameota jino.

Barua yako niliisoma mara nyingi nikitafuta kalkuleta. Nimepata choo cha baba yako. Nimepata rangi ya mabweni. Hata hiyo voliboli mliyoshindwa kwa heshima nimeipata. Kalkuleta imepewa sentensi moja, na ndani yake haikutajwa kwa jina, imeitwa kifurushi.

Mimi sikumaliza shule, niliishia Kidato cha Pili, lakini mtu akinificha kitu najua. Imevunjika? Imeibwa? Kuna mwalimu ameichukua? Nitajie jina lake. Huku tumezoea kusukuma mawe makubwa.

Usiniandikie tena habari za mabweni.

Ochoki


Magwagwa
20 Aprili 2025

Mjomba wangu,

Tumefunga shule. Nakuandikia nikiwa jikoni wakati baba ameenda kituo cha kununulia chai. Mama anakusalimu. Anajua naandika, hajui naandika nini.

Haikuvunjika wala haikuibwa. Iko kabatini, imefungwa kwa kitambaa cha meza. Nilinyamaza kwa sababu sikujua nitakuambiaje. Mjomba, hiyo kalkuleta hairuhusiwi kwenye mtihani wa kitaifa. Wanaruhusu ndogo, ya kawaida, isiyotoa sauti na isiyoweza kuwekewa programu. Yako inawekewa programu na inachora grafu, na sisi kwenye mtihani grafu tunatakiwa kuchora kwa mkono. Nilijua tangu siku nilipofungua kifurushi dukani kwa Sadiq. Yeye aliitazama akapiga mluzi, akasema, "Hii ni ya chuo kikuu, dada. Mjomba wako amekurusha darasa mbili tatu mbele." Hodan akacheka. Mimi nilitaka kulia.

Shuleni sikuipeleka kabisa. Masanduku yanakaguliwa getini, na naibu wa mwalimu mkuu akiona kioo anajua ni simu. Kwa hiyo muhula wote niliendelea kuomba ya Hodan. Kwenye jaribio yeye anaitumia kwanza, mimi nangoja. Mara nyingine kengele inalia nikingoja.

Lakini sitaki ufikirie nimeidharau. Likizo hii nimekuwa nikiitoa baba akitoka. Nimeiwekea zile hesabu za mkunjo tunazochora darasani kwa kutafuta nukta moja moja mpaka macho yanauma. Nikabadilisha namba ya mwisho tu, mkunjo wote ukapanda juu kwenye kioo kama mtu aliyeinuliwa na kiti chake. Nikabadilisha ya kwanza, ukajibana. Nikaiwekea alama ya kutoa, ukapinduka. Darasani tunaambiwa kwamba ndivyo inavyokuwa, tukariri. Hapa niliona kwa nini. Nilikaa kwenye kigoda mpaka maharagwe yakaungua, na mama akaniuliza kama nimepata mchumba ndani ya hicho kidude.

Tatizo ni baba. Ameniona nayo. Ameuliza kama inaingia kwenye mtihani, nikasema haiingii. Sikuweza kumdanganya. Sasa anasema kitu kisichoingia kwenye mtihani ni pambo, na pambo huuzwa.

Nisamehe kwa kukuchelewesha.

Nyanchoka


Lokichar
11 Mei 2025

Nyanchoka mama,

Nimepata yako. Wote huku tuko hai. Ng'ombe wa watu walilala juu ya lami mbichi tukashinda siku nzima kuwanasua.

Kwanza nilikasirika. Niliisoma barua nimesimama, nikaikunja, nikaenda kuvunja kokoto ambayo hakuna aliyeniagiza niivunje. Yaani mashine inayopinda barabara ya malori imeogopwa na chumba cha mtihani! Kesho yake nikamwambia Istarlin. Nilidhani atasema nilikuonya. Alisema tu, "Basi ataitumia chuoni. Mimi yangu nilinunuliwa nikiwa mwaka wa pili, na niliililia miaka miwili kabla ya hapo."

Hapo ndipo nilipoelewa shida ya baba yako. Ukisema hii itangoja chuo, umesema utafika chuo. Na yeye hajasema hivyo hata siku moja. Nimemsikia kwenye simu ya mama yako, sauti kubwa juu ya meza: amalize Kidato cha Nne kwanza, tutaona. Tutaona ni neno la mtu ambaye ameshaona.

Kwa hiyo sikiliza maneno yangu. Haiuzwi. Ikae kabatini, ikae chini ya kitanda, ikae kwenye ghala la mahindi, lakini haiuzwi. Nilikosea aina, sawa, nimekubali, sikuuliza. Sikukosea mtu niliyemnunulia. Walimu waseme yao, baba yako aseme yake, na mimi nimesema.

Mjomba wako mkaidi,
Ochoki


Lokichar
22 Juni 2025

Nyanchoka,

Nakusalimu. Sina habari nyingi.

Mama yako alinipigia, na safari hii alikuwa nje ya nyumba, nilisikia kuku. Alikuwa analia. Anasema baba yako na yeye hawaelewani kwa sababu ya hiyo mashine. Anasema baba yako amelitaja jambo la ng'ombe. Labda hukuambiwa. Baba yako alipomwoa mama yako alileta ng'ombe nyumbani kwetu, na ng'ombe hao hao ndio waliotolewa kwa kina Bonareri nilipooa mimi. Ndivyo inavyofanywa kwetu, ng'ombe wa dada humwoza kaka. Sasa baba yako Alfayo anasema mtu aliyepata mke kwa ng'ombe wake hawezi kumpangia nyumba yake.

Nimechoka, mama. Nimemwaga lami tangu alfajiri na mikono haishiki kalamu vizuri. Dada yangu alie kwa sababu yangu? Hapana. Acha waiuze. Wakununulie ile ndogo inayoruhusiwa, usome kwa amani. Mimi nilitaka jambo kubwa kuliko mfuko wangu na kuliko nafasi yangu.

Mtii baba yako.

Ochoki


Shuleni, Nyamira
30 Juni 2025

Kwa mjomba,

Sijapata barua yako tangu ile ya Mei, nadhani wewe pia unangoja yangu. Nyumbani nusu muhula nilikuta mama amekonda kidogo, Nyanya hajambo, na chai imekubali mvua. Nina mambo ya kukueleza na nitayaeleza yote, usije ukasema nimekuficha.

Wakati niko shuleni, baba aliichukua mashine kabatini akaipeleka Kisii kwa Sadiq. Alitaka apewe kalkuleta ndogo na pesa zinazobaki. Sadiq akakataa. Akamwambia kifurushi kilipita dukani kwake kikiwa na jina la Nyanchoka, na yeye hanunui mali ya mtu kwa mtu mwingine. Nyanchoka aje aseme mwenyewe kwamba anauza, biashara itafanyika papo hapo. Baba akarudi nyumbani amevimba.

Ijumaa, kabla hata sijabadilisha nguo za shule, akanipeleka. Dukani walikuwepo Sadiq, Hodan, na mama mmoja wa Nyakoe aliyekuja kununua betri za redio. Baba akaiweka mashine juu ya kaunta. Sadiq akaweka ile ndogo kando yake, mpya, ndani ya karatasi yake.

"Sema," baba akaniambia.

"Niseme nini, baba?"

"Neno moja tu. Sema uza, twende. Mvua inakuja."

Nikatazama ile ndogo. Mjomba, ilikuwa nzuri. Sitaki kukuambia uongo hata hapa. Ndiyo ninayoihitaji mwakani kwenye mtihani wa kitaifa, na ningeitoa dukani siku hiyo hiyo bila kuomba ya Hodan tena.

Nikasema, "Siuzi."

Baba akacheka kama hajasikia. "Inaingia kwenye mtihani hii?"

"Haiingii."

"Sasa ni ya nini?"

"Ni ya baada ya mtihani."

"Baada ya mtihani kuna nini?"

"Kuna chuo."

Mama wa betri akasema, "Uwii, watoto wa siku hizi," lakini hakuondoka. Betri zake alikuwa amezishika mkononi na pesa alishalipa.

Baba akapandisha sauti. "Mjomba wako alioa kwa ng'ombe zangu! Mimi ndiye nilimpa mke! Leo anakaa huko jangwani ananinunulia kiburi, anakiweka nyumbani kwangu?"

Sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema, "Basi baba, ni ng'ombe wako waliorudi. Walienda wakiwa na pembe, wamerudi wakiwa na kioo. Utauza ng'ombe aliyerudi nyumbani mwenyewe?"

Hodan alijificha nyuma ya kaunta. Mama wa Nyakoe alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Alfayo, huyu ni wako kabisa, hata pua." Sadiq yeye hakucheka. Aliichukua ile ndogo, akairudisha kwenye rafu, akamwambia baba kwa upole, "Mzee, amesema. Na hata kwetu sisi, kitu cha mjomba hakiguswi hivi hivi."

Baba alitoka nje. Nilidhani ataniacha. Nilimkuta amesimama mvuani bila mwavuli, akasema tu, "Twende." Hakunisemesha Sabato nzima. Jana nikirudi shuleni aliniambia mbele ya mama kwamba nikitaka ndogo niitafute mwenyewe, yeye hayumo tena. Nikamjibu sawa.

Mwalimu wa hesabu amesema kitabu cha majedwali kinaruhusiwa kwenye mtihani kama vile kalkuleta. Nimeazima kimoja maktaba, karatasi zake zimelegea. Mtihani wa muhula huu nitaufanya nacho. Ni polepole, na sijui kama nitamaliza maswali. Lakini sitangoja ya mtu.

Mashine nimeirudisha kabatini mimi mwenyewe. Mama alinishikia mlango.

Nyanchoka


Shuleni, Nyamira
8 Julai 2025

Mjomba,

Barua yako ya tarehe 22 Juni imefika leo, mimi nikiwa nimeshajibu dukani.

Unasema nimtii baba. Namheshimu baba, na nitazidi kumheshimu. Unasema acha waiuze. Wewe uliinunua, ukaiandika jina langu kwa herufi kubwa, ukaituma. Tangu hapo si yako. Siuzi kwa neno la baba, na siuzi kwa neno lako.

Mama ameacha kulia. Kwa kuwa nilirudi nayo, Jumapili alipika mboga ya chinsaga na kuku, na haikuwa sikukuu ya mtu.

Pumzisha mgongo.

Nyanchoka


Lokichar
27 Julai 2025

Nyanchoka mama,

Barua zako mbili zilifika pamoja, nikasoma ya Julai kwanza. Nikadhani umenikosea adabu. Halafu nikasoma ya Juni nikiwa nimekaa juu ya pipa la lami, na wenzangu wakaniuliza ni nani amekufa. Niliwasomea sehemu ya dukani. Msimamizi wetu, mtu asiyecheka hata akilipwa, aliomba niirudie pale pa ng'ombe.

Ile barua yangu ya tarehe 22 iliandikwa na mgongo, si mimi. Ichane. Niliinua mikono kwa sababu ya neno moja la Alfayo, na wewe ulisimama mbele yake mwenyewe, mwenye ng'ombe, na hukuinua.

Nitampigia baba yako Sabato jioni. Nitamwomba mama yako aweke sauti kubwa kama kawaida yake, nyumba nzima isikie. Nitamwambia hivi: shemeji Alfayo, ni kweli, nilioa kwa ng'ombe wako, na namshukuru Mungu kila nikimwona Bonareri. Sikatai. Lakini ng'ombe wale walikuja kwetu kwa sababu ya Emily, na Nyanchoka ni wa Emily. Ninachompa mtoto huyu ninampa nikiwa mjomba, na sitaacha. Kama hiyo si desturi ya watu wetu, basi ianzie kwangu. Atakasirika. Akasirike. Ana choo kipya, akakae huko apoe.

Na nitamwambia pia kwamba alisimama mvuani akakungoja. Hilo nimeliona kwenye barua yako, hata kama wewe uliliandika haraka ukapita.

Mtihani wa majedwali, ufanye. Usipomaliza maswali, usimalize. Wasome jina lako mahali popote watakapoliweka kwenye orodha ya matokeo, na wajue hukuomba cha mtu.

Sasa ile ndogo. Nataka kuinunua, na safari hii siendi kwa macho yangu. Mara ya kwanza nilichagua mimi, nikaona barabara kwenye kioo nikasahau kwamba anayesafiri ni wewe. Istarlin anaenda Nairobi mwezi ujao. Muulize mwalimu wako, muulize Sadiq, muulize Hodan anapenda nini kwenye yake na anachukia nini. Halafu uchague wewe. Niandikie jina lake na namba yake yote, mbele na nyuma, na rangi ukitaka. Istarlin akisema kuna nyingine nzuri zaidi, nitamwambia anyamaze. Akisema uliyochagua ni mbaya, nitanunua hiyo hiyo.

Andika mapema, posta ya huku ni ya mguu.

Mjomba wako,
Ochoki